Aliniandikia "banana saba" nikanunua saba: nilivyotaka kumharibia Mfilipino mtihani wake wa jikoni hapa Dubai

Wakuu, nawasalimu nyote, mlioko nyumbani na tulioko ughaibuni.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Nina daftari ninaloandika kila siku nimekula nini na nimekula na nani, kwa hiyo mengi nimeyatoa humo. Elimu yangu ni darasa la saba, mpangilio ukiwa mbovu mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nipo hotelini, mtaa wa Al Rigga, kitengo kinaitwa stewarding. Jina zuri, ila kazi yenyewe ni kuosha masufuria.

Pale hotelini kuna mama wa Kifilipino anaitwa Nening, anafanya usafi lobby. Wenzake wanamwita Ate, maana yake dada mkubwa, na mimi nikafuata.

Mlinzi wa geti la staff, Wasswa, ni Mganda. Aliposikia alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kwao "ate" ni kama kusema "halafu", na "ssebo" ni bwana.

"Kwa hiyo ssebo unamwita mtu Halafu? Halafu, njoo tule?"

Basi. Huyu Ate anapenda kula, wakuu. Sisemi kwa ubaya, mwili wake mdogo tu. Lakini akiongelea chakula anafumba macho kama anaomba dua.

Tulivyofahamiana ilikuwa hivi. Nilipita kwenye meza yake staff canteen, akaniambia "Kain tayo." Yaani tule.

Baadaye sana ndiyo nikajua kwao hiyo ni adabu tu. Unashukuru, unapita. Lakini kwetu ukikaribishwa chakula ukapita kavu umewadharau watu, angalau uonje tonge moja. Nikakaa, nikaonja.

Kesho yake akasema tena, nikakaa tena. Siku ya nne akaja na kijiko cha pili. Hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa nakosea, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Off zetu ziligongana siku moja, Jumanne. Tukaanza kuzunguka. Yeye anakaa Rashidiya na binamu zake, anashuka na metro mpaka Al Rigga, tunatembea kwa miguu kutafuta migahawa ya kwao, ile midogo yenye meza nne na TV inayoimba.

Nimekula sinigang, supu ya ukwaju yenye kamba. Ukali wake ulinifumba jicho moja. Nimekula adobo, kuku aliyepikwa kwa siki, soya na kitunguu saumu, hilo mtu wa Pwani halimsumbui hata kidogo. Nimekula embe bichi na uduvi uliosagwa na chumvi, nikakumbuka nyumbani vibaya sana.

Kuna kitu kinaitwa halo-halo. Barafu iliyoparuzwa, maziwa, kiazi cha zambarau na maharage. Maharage ndani ya barafu, wakuu. Siku ile niliandika kwenye daftari: "Sijaelewa." Wiki iliyofuata niliandika: "Nimeelewa."

Najua mtaniuliza nguruwe. Swali la haki. Mimi ni Muislamu na wenzetu wanamla. Ate kila tukifika kaunta alikuwa anauliza kwanza, "Baboy? May baboy?" Mimi mwanzoni nilidhani anamuulizia babu wa lile duka. Kumbe baboy ndiyo nguruwe, alikuwa ananilinda. Hata siku moja hakukosea.

Na mimi nikasema nimlipe kwa kitu. Sina cha kumfundisha mtu, maisha yangu yote mimi ndiye nafundishwa. Nikaanza kumfundisha kuhesabu Kiswahili. Sahani ya lumpia ikija, zile sambusa zao nyembamba kama kidole, tunahesabu. Moja, mbili, tatu.

"Nne" ilimpiga chenga. "Tisa" alikuwa anaisahau. Lakini "saba" aliitamka safi kuliko mimi, na kila akifika hapo anacheka. Mimi nikajisifu moyoni, nikasema kumbe ni mwalimu mzuri.

Kumbukeni hapo.

Sasa jikoni kwetu Mfilipino mmoja wa kitengo cha chakula cha moto alikuwa anaacha kazi anarudi kwao. Ate akaomba ile nafasi. Ana miaka sita anasukuma mop lobby, na kabla ya hapo alikuwa mpishi wa kantini ya shule kwao. Cheti hana.

Chef wetu, tumwite Chef Hani, ni Mmisri. Mkali, ila siyo muonevu. Alimwambia mbele yetu:

"Nakupa trade test. Jumatano, saa nne mpaka saa sita. Sahani moja ya chakula, moja ya tamu, watu wanne. Nikiridhika naongea na HR. Nisiporidhika khalas, unarudi kwenye mop yako na hatuliongelei tena."

Ate akachagua adobo ya kuku na turon. Turon ni ndizi inaviringishwa kwenye karatasi ya unga na sukari, inakaangwa mpaka sukari inang'aa kama kioo.

Kuku, siki na soya vipo store ya hoteli. Ndizi na zile karatasi akasema atanunua mwenyewe. Ile Jumanne wakambadilishia off, akawekwa duty mpaka jioni. Akanitumia meseji. Nainakili kama ilivyo:

"Shabani pls buy lumpia wrapper 1 pack and banana saba, ripe. Thank u."

Wakuu, nilivyosoma nilisimama katikati ya barabara. Mwanafunzi wangu kaandika Kiswahili! Na hata mpangilio ni wetu: ndizi saba, siyo saba ndizi. Nikamjibu, "Saba, sawa!" Naye akanirudishia dole gumba.

Nikaingia supermarket ya kwanza niliyoiona, nikachukua pakiti ya zile karatasi. Nikachagua ndizi moja moja, za njano, ndefu, hazina doa. Zilikuwa na stika imeandikwa Philippines. Nikasema hapa sijakosea hata kidogo, mpaka nchi nimepatia.

Nikahesabu mara mbili. Saba.

Jumatano duty yangu inaanza mchana lakini saa nne nilikuwa jikoni na mfuko wangu. Ate kavaa koti jeupe la kuazima, mikono imemzidi. Kuku tayari kwenye sufuria. Akafungua mfuko.

"Shabani. Iko wapi saba?"

"Si hizo hapo Ate. Zihesabu."

Akaziangalia. Kisha akaanza taratibu, kidole juu ya kila ndizi. "Moja. Mbili. Tatu." Ilipofika ya mwisho akasema "saba", na safari hii hakucheka. Akashika ukingo wa meza.

Ndiyo akanieleza. Saba kwao siyo namba. Ni jina la aina ya ndizi. Fupi, nene, ina kona kona, ngumu ya kupikia. Zile zangu ni za kula hivihivi, ukizikaanga zinakuwa uji.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nikatoka mbio mpaka duka la Wafilipino karibu na metro. Dada wa kaunta akaniambia, "Saba finish, sir. Tomorrow." Lakini kwenye kile kibao cha bei kulikuwa na picha. Nikaiangalia. Wakuu, ni bokoboko! Zile ndizi za kwetu, za nyuma ya nyumba. Kitu nimekua nacho, tatizo lilikuwa jina tu.

Nikampigia Wasswa, yuko getini. Nikamuuliza ninyi Waganda bokoboko mnapata wapi hapa mjini.

"Hiyo sijui, lakini gonja ipo. Duka la Naif, kule tunakochukulia matooke. Yalla kimbia, usiniongeleshe!"

Gonja ni ile sisi tunaita mzuzu. Siyo bokoboko, ila kwenye mafuta inastahimili. Nilikimbia kwa jua lile mpaka Naif, nikachagua zilizoanza weusi, nikarudi. Saa tano na nusu. Naandika hapa kama shujaa, lakini kumbukeni shida nimeileta mwenyewe.

Ate aliikata gonja kipande, akaitafuna mbichi, akafikiri. Mimi nikataka kusema ikatwe nyembamba, nikaogopa, nilishakosea vya kutosha siku hiyo. Bahati yeye akaikata nyembamba bila kuambiwa. Akaviringisha, akakaanga, muda ukaisha.

Chef akaanza na kuku. Akala. Akachukua mkate akafuta mchuzi wote kwenye sahani. Wale wengine watatu waliokaa kuonja naye pia walimaliza.

Akachukua turon. Akatafuna. Akatafuna tena. Akairudisha nusu kwenye sahani.

"Ndani ni ngumu."

"Yes, Chef," Ate akasema.

"Kwa nini?"

Ate akaitazama ile nusu. Hakuniangalia hata kwa jicho la pembeni. Niliona kabisa yuko tayari kulibeba lile kosa peke yake.

Nikasema, "Chef, kosa ni langu." Nikaeleza yote, na Kiingereza changu mnakijua. Aliandika banana saba, kwetu saba ni hii, nikaonyesha vidole, nikaleta saba.

Chef akanikazia macho. "Saba?" Akaonyesha vidole saba na yeye. "Sab'a?"

"Ndiyo Chef."

Akaanza kucheka, yule mtu ambaye sijawahi kuona meno yake ya juu. Akamgeukia Ate. "Mama, mimi ni Mwarabu. Ungeniandikia mimi banana saba, na mimi ningekuletea saba!"

Jikoni kote watu wakacheka. Msudani wa mikate anapiga meza, "Wallahi hata mimi!"

Halafu Chef akawa mkali tena, ghafla tu. "Ulijua ni ngumu kabla hujaniletea?"

"Yes, Chef. Nilionja ya kwanza. Ilihitaji dakika tatu zaidi. Muda ulikuwa umeisha."

Akafikiri. Kisha akasema maneno haya, niliyaandika siku ileile:

"Tamu yako leo ni mbaya. Kuku wako ni mzuri kuliko wa mpishi anayeondoka. Utaanza tarehe moja, kwenye kuku. Kwenye tamu usiguse mpaka nikuambie. Yalla, safisha meza yako."

Sasa niseme haki. Msije mkasema gonja ya Waganda ndiyo iliyomwokoa, maana Wasswa anatangaza hivyo getini mpaka leo. Chef aliiacha nusu. Kilichompitisha Ate ni kuku wake na ulimi wake wa kuonja. Kuhusu mimi kukiri kosa, kama kulisaidia au hakukusaidia, sijui kwa kweli. Labda angepita tu hata ningekaa kimya.

Baadaye tulikaa canteen. Zile ndizi saba za njano zilikuwepo mezani, tukawa tunazila. Nikamuomba radhi. Nikamuuliza, Ate, lakini si nilikufundisha saba ni namba?

Akasema alijua. Ndiyo maana alikuwa anacheka kila akifika pale, anaiona ndizi akilini.

"Sasa mbona hukuniandikia vizuri?"

Alimenya ndizi yake kwanza.

"Mwaka mzima tunakula pamoja, Shabani. Nilisahau kama wewe siyo Mfilipino."

Wakuu, nilitafuna ile ndizi kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji ndizi.

Nilichojifunza ni hiki. Kosa langu siyo kutojua Kitagalogi, hakuna aliyenitegemea nikijue. Kosa langu ni kwamba nilifurahi mno kusikia neno langu kinywani kwa mtu mwingine, furaha ikanifunga mdomo nisiulize swali moja la sekunde tano. Mtu ambaye hajawahi kuwa mwalimu akipata mwanafunzi anaweza kulewa. Mimi nililewa, na bili alitaka kuletewa mwenzangu, ya miaka sita ya mop.

Siku hizi Ate yuko jikoni, mikono ya koti wamempunguzia. Masufuria yake naosha mimi, na hayo ya adobo yananipa shida kuliko yote, ile soya inaganda chini. Silalamiki.

Karibuni mnikosoe. Wa Doha, Muscat na Riyadh, najua na ninyi mna yenu. Ila kabla hujanicheka nijibu kwanza kwa ukweli: ungekuwa ni wewe, umesimama pale Al Rigga, simu inakuambia "banana saba, ripe", ungenunua ngapi?