Maji ya Kisima Kipya

Juzi mjukuu wangu alinichorea seli ya jani. Katikati aliacha nafasi kubwa, akaiita vakuoli.

"Bibi, hapa ndipo maji yanapokaa. Yakitoka, jani linalegea. Ukilimwagilia maji ya chumvi, haya ya ndani yanatoka, jani linalala."

Nikasikia tena harufu ya udongo uliolowa kwenye jua kali. Nilikuwa mtoto, tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Sepuka, na mama alipewa zamu ya kumwagilia mchicha wa kijiji kizima. Ndiye aliyeanza kutumia maji ya kisima kipya. Niliyaonja kwenye debe lake. Yalikuwa na chumvi kidogo, nikadhani ndivyo yalivyo maji ya chini sana.

Baada ya siku chache mchicha wote ulikuwa umelala chini kama vitambaa vilivyoanguka kutoka kwenye kamba.

"Mama Neema, una mkono mbaya," jirani yetu alimwambia mbele ya wanawake wenzake. "Usiguse tena bustani ya watu."

"Nimemwagilia kama mlivyonionyesha, dada."

"Sisi hatukukuonyesha kuua mboga."

Wakacheka. Nami niliamini kabisa kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya kiganja chake. Aliponyoosha mkono anishike turudi nyumbani, niliuficha wangu nyuma ya mgongo.

Mama alilishika debe tupu kwa mikono yote miwili, akatangulia.