Wifi na Vumbi la Dirishani

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, habishi hodi kama watu. Anavua viatu mlangoni, anapiga magoti na kuikagua sakafu yako, ndipo akusalimu. Mtaani wanamwita Mama Kitambaa. Kazi yake ni kusafisha sumu: zebaki iliyomwagika kwenye maabara ya shule, dawa ya wadudu iliyolowesha ghala, vitu ambavyo mimi na wewe tungevikimbia. Yeye anavifuata, tena anavihoji. "Wewe umetokea wapi? Na ulikuwa unaelekea wapi?" Mimi nilidhani ana kichaa kidogo.

Mpaka damu ya mwanangu wa miaka miwili ilipokutwa na madini ya risasi. Daktari alisema yakizidi kupanda yatamharibia akili. Usingizi ukaniruka. Mume wangu akamwita dada yake.

Sasa mimi, kwa usafi, sina mpinzani. Kusikia tu wifi anakuja, nikafagia nyumba mara tatu asubuhi hiyo. Aende akasimulie ukweni kuwa mimi mchafu? Thubutu!

Alikuja na vitambaa vyake vyenye dawa. Kitambaa kikigusa risasi kinageuka chekundu. Akapangusa ukingo wa dirisha, pale rangi ya zamani inapobanduka. Chekundu. "Haya, kwao ni hapa, kwenye rangi hii," akasema. Chini ya kabati hakukuwa na kitu. Kwenye kitanda cha mtoto, upande wa pili kabisa wa chumba, chekundu tena.

"Eti wifi," akajikuna kichwa, "imefikaje huku? Haina miguu hii."

"Mimi nitajuaje? Nyumba yangu safi!"

"Naona. Hebu nionyeshe unavyofagia."

Nikacheka kwa hasira. Mtu mzima na akili zangu nikaguliwe kufagia? Mtoto alikuwa nje na baba yake. Wifi akanipa barakoa, naye akavaa yake. Nikaanzia chini ya dirisha kama kila siku, tena kwa nguvu, ili ajue. Yeye akakaa kitako sakafuni, macho kwenye mwanga wa jua.

"Kila asubuhi hivi? Mtoto anakuwa wapi?"

"Anakuwa amelala," nikasema, na hapo hapo nikaona. Vumbi lilipanda kwenye mwanga, likasogea taratibu, likatua juu ya mto wa mwanangu.

Jamani, kumbe ni mimi! Nikaketi chini nikalia kwa sauti.

"Utalia baadaye, wifi yangu," akasema, akinipa kitambaa kilicholowa maji. "Hii haifukuzwi, inafutwa." Tulifuta mpaka mchana. Dirisha akalifunika kwa nailoni, na kesho yake akaja na wenzake kuiondoa ile rangi ikiwa imeloweshwa, isirushe vumbi.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka kwa nusu. Daktari alifurahi, akauliza tumefanya nini.

"Nimeacha kufagia," nikamwambia.

Akacheka sana, akidhani namtania. Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga.