Sufuri Niliyomwekea Kendi

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu wa Kidato cha Kwanza. Usicheke nikikuita mwanangu. Niko cha Nne, nina ndevu za kuhesabika, na katika shule hii huo ni uzee wa kutosha.

Mimi na Kendi tulikuwa tunaunda injini ya gesi ndani ya kompyuta, aina ile ya ndege. Moshi wake hutoka ukiwa bado moto, na Kendi alitaka moto huo usipotee bure: moshi upite nje ya vijibomba, hewa baridi ipite ndani, iingie injini ikiwa imepashwa. Mafuta yapungue. Lakini ukizidisha vijibomba hewa inabanwa, injini inakosa pumzi. Kutafuta kipimo kulimla Kendi muhula mzima.

Jumamosi moja akaenda kunywa chai. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani huwasikiliza wahenga chai ikinukia? Kwenye hesabu zake nikaweka msuguano wa hewa kuwa sufuri, kana kwamba hewa haibanwi kamwe, nikashindilia vijibomba kama mahindi na maharagwe katika githeri ya shule. Injini ikawa inakunywa mafuta kwa kunusa tu. Nilitaka acheke.

Aliporudi akapiga nduru. "Aki Mutwiri, imeweza! Imeweza!" Akatoka mbio kumwita Mwalimu Njeru.

Ningesema saa ile. Nikajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho, hadi tukajikuta Embu kwenye mashindano ya sayansi, Kendi amevaa koti la dada yake. Mshindi angeenda Nairobi, na Kendi hakuwa amewahi kufika huko.

Mwamuzi, mama mmoja mpole, akauliza, "Binti, vijibomba vyote hivi, hewa inapenyaje?"

Kendi akafungua hesabu palepale. Akaiona sufuri. Akanigeukia. "Sema basi, Mutwiri. Si wewe huwa hunyamazi?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Ni kosa letu, madam," akasema.

Letu! Angenitaja ningepona.

Nairobi walienda wengine. Kendi bado hunisalimia, lakini nikipiga utani husubiri nimalize, kisha anaendelea na kazi yake.

Kwa hivyo, mwanangu, nitanie mimi, tania hata ndevu zangu, lakini kazi ya mwenzako usiiguse. Ukiigusa, sema kabla chai yake haijapoa. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri kuliko wa kuchekesha, na ukimpata rafiki anayesema "letu", akujalie usimpoteze.