Kikombe cha Nne

Binti yangu amerudi kutoka kupanda farasi, na koti lake linanuka jasho la farasi na majani makavu. Mara mimi ni mtoto tena, nimo katika uwanja wa mbio za farasi Stockholm, katikati ya baba na rafiki zake wawili wa tangu Kivu. Kila walipokwenda kutazama mbio walinunua vikombe vinne vya kahawa. Cha nne kilikuwa cha mwenzao waliyemwacha msituni wakati wa vita, na hakikuguswa kamwe. Siku hiyo vidole viliniuma kwa baridi, nikakinywa.

Baba akainua mkono kunipiga.

“Muache mutoto anywe,” rafiki yake mmoja akasema. “Mwenzetu haji tena.”

Farasi wakapita wakitifua theluji. Mkono wa baba ukabaki juu, kama wa mtu anayeshangilia.