Mashine Iliyokuwa Inakuja

Mwishoni mwa miaka ya tisini kaka yangu alikuwa na chumba cha kuchapa na kufundisha kompyuta pale Korogwe, nyuma ya stendi ya mabasi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina mwelekeo, akaniweka mbele ya pazia nitoe fotokopi. Nyuma ya pazia kulikuwa na mashine moja tu, mtumba, rangi yake ya kijivu imegeuka njano.

Siku zile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: redio, nguo, magari, hata vijiko vya plastiki. Kaka alikuwa na imani na kile ambacho hakijaingia bado. Utingo wa mabasi walimletea magazeti ya kompyuta kutoka Dar, yamechakaa, mengine hayana jalada. Aliyasoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba, halafu anaanza kutuhubiria.

"Prosesa za sasa, huu ubongo wa kompyuta, zinasimamishwa juu ya mazabodi kama kaseti," alisema, akigonga lile bao kubwa la ndani linalobeba kila kitu. "Zinazokuja zitalala, zina pini chini, na tundu lake ni jingine kabisa. Ukinunua bodi leo, umekwama nayo."

Ila alichokipenda hasa ni chipseti. Watu wanaulizia prosesa, alisema, wakati mwenye nyumba ni vile vipande viwili vyeusi. Hivyo ndivyo vinavyoamua kumbukumbu iongezwe mpaka wapi na picha zipite kwa kasi gani. Ya kwetu ilikuwa imefika mwisho wake.

Walimu waliokuja kuomba ushauri aliwaambia wasinunue, wasubiri. Wakamzoea. Mmoja alikuwa akipita mlangoni lazima achungulie: "Mtabiri, vipi, prosesa imepanda basi?"

"Cheka tu, mwalimu."

"Nauliza nijue. Imefika Segera au bado iko Chalinze inakula chipsi?"

Asubuhi moja baba alikuja kutoka Misima. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, alikaa kwanza kwenye benchi akavuta pumzi ndipo akaitikia shikamoo yangu. Alitaka kitu kimoja tu. Mama yake mzazi alifariki akiwa binti bado, akazikwa nyuma ya nyumba yao ya zamani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Dada yake baba, shangazi yetu, alikuwa mchanga wa wiki chache. Alichukuliwa na mama yake mdogo, akalelewa Chanika. Baadaye watu wa kule kwenye nyumba ya zamani walihamishiwa kijijini, nyumba zikaanguka, pakawa mahame. Waliochimba kaburi lile walikwisha kufa. Baba peke yake ndiye aliyebaki akilijua, na shangazi alikuwa amemwomba miaka mingi amwonyeshe. Kila mwaka kulikuwa na mvua, au mavuno, na sasa kifua.

"Niandikieni," alisema. "Na mnichoree ramani. Nisipoweza kumpeleka mimi, mtampeleka ninyi."

Akaingia nyuma ya pazia. Kaka akachapa, baba akasema. Wachapaji wazuri wana tabia yao: maneno yanaingia sikioni yanatokea vidoleni, hayapiti kichwani. Kaka alikuwa mzuri sana. Mimi huku mbele nilikuwa natoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtu, na mashine ya fotokopi inanguruma. Nilisikia vipande tu. Jiwe. Korongo. "Hatua sitini, jua likiwa mgongoni."

Walipomaliza baba alinyoosha mkono. "Haya, karatasi yangu."

"Baba, vumilia kidogo," kaka alisema. "Hii haiwezi kuchora, nguvu yake imeishia kwenye maneno. Kuna bodi mpya inaingia mwezi ujao. Nitakuchorea ramani mpaka korongo lionekane."

"Maneno yangu yamo humo?"

"Yamo."

Baba aliinama, akaligonga lile kasha kwa kidole mara mbili, kama anayebisha hodi. "Basi yakae."

Mwezi ujao ulipofika, gazeti lilisema kuna nyingine njiani, chipseti yake inabeba kumbukumbu mara mbili. Kaka akasubiri hiyo. Ilipokaribia, ikatangazwa nyingine. Kila mtu aliyetoka Misima alileta swali la baba, mashine imeingia? Na kaka alijibu kwa furaha ya kweli kwamba inakuja. Hakuwa akimdanganya. Baba alifariki wakati wa masika, na karatasi ilikuwa haijachapwa.

Mashine iliingia miezi miwili baada ya hitma. Kaka aliifuata mwenyewe Dar, akamwachia muuzaji ile ya zamani kama sehemu ya malipo. Maneno ya baba aliyanakili kwenye flopi, akasafiri nayo mfukoni mwa shati. Ilikuwa mashine nzuri, ilichora mistari kama maji. Akaingiza flopi. Ikakoroma, ikakoroma tena, halafu ikatuuliza kama tunataka iiandae upya hiyo diski, kana kwamba haina kitu ndani. Kesho yake alirudi Dar. Muuzaji alikuwa ameshaifuta ile ya zamani na kuiuza. Alidhani ilikwenda Mwanza.

"Baba alisema nini?" nilimuuliza kaka.

"Nilichapa."

"Najua ulichapa. Alisema nini?"

Akatazama vidole vyake. "Sikumsikiliza."

Mvua za vuli zilipokwisha shangazi alituma ujumbe: yuko tayari, tumpeleke. Tulitangulia mimi na kaka, wiki moja kabla, kutafuta. Kule kulikuwa na miiba, vigae vya vyungu, na ng'ombe wa wafugaji wanaokata katikati ya palipokuwa mitaa. Mzee mmoja mfugaji alituuliza tumepoteza nini. Kaka akamwambia kaburi. Yule mzee akawarudisha nyuma ng'ombe wake. Nilihesabu hatua sitini kutoka kila jiwe na kila korongo, jua likiwa mgongoni, na kila nilipofika palikuwa sawasawa na nilipotoka. Mwishowe kaka aliokota mawe mawili, akayasimamisha chini ya mgunga, kichwani na miguuni. Akarudi nyuma kidogo, akapatazama.

"Hapa panafaa," alisema.

Shangazi alipofika alisimama mbele ya yale mawe muda mrefu. Kisha hakumtazama kaka, alinitazama mimi.

"Ni hapa, baba?"

"Ni hapa, shangazi."

Alivua kandambili, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Uliniacha mtoto, nimekuja nimekuzidi umri." Akafagia kwa mikono, akaondoa majani moja moja. Alipoinuka alikuwa anacheka na machozi. "Kaka yangu mvivu yule! Kumbe ni mwendo huu tu, ananizungusha miaka yote." Halafu akasema, "Siku yangu ikifika, mnilaze hapa ubavuni kwake."

Mimi sikukaa tena Korogwe. Nimeuza vitunguu Mombo, nimelinda maghala Tanga, nimelala miji ambayo sikumbuki niliendea nini. Habari ya msiba wa shangazi ilinikuta njiani, nikawahi. Watoto wake walikuwa wameutangaza wosia wake kwa kila mtu, na wachimbaji walikuwa wameshaanza.

"Ngumu hii," mmoja alisema. "Utadhani jembe halijawahi kugusa eneo lote hili."

Kaka alikuwa amesimama kando, amejaa mvi. Nilichukua jembe nikachimba nao, ili uso wangu utazame chini.

Mwaka uliofuata watoto wa shangazi walinipigia simu. Walitaka kujengea makaburi yote mawili kwa saruji. Nilikwenda, kaka naye alikuwepo. Fundi alimaliza kupima la shangazi, akahamia kwenye yale mawe mawili, akavuta kamba yake na kuuliza marehemu huyu alikuwa na urefu gani, ajue ukuta uishie wapi. Wote wakatugeukia sisi wawili. Kaka akanitazama.

Nikanyoosha mikono, nikampa fundi urefu wa shangazi.