Betri za Stesheni

Baba yangu alikuwa na wake wawili: mama, na betri za stesheni. Mama ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa anatania sana. Akimwona baba anarudi na shati lililotobolewa na asidi, alimuuliza, "Bi mdogo hajambo?"

Betri hizo zilipangwa kwenye rafu ya mbao, chumba cha nyuma pale stesheni ya Arusha. Kazi ya baba ilikuwa kuhakikisha kwamba umeme ukikatika, simu ya reli haikatiki, maana treni hairuhusiwi kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwa simu. Na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, umeme ulikatika ovyo. Wenye maduka walinunua jenereta, mtaa wa Kaloleni ukanguruma mchana kutwa. Baba alizicheka jenereta zao.

Shida ni kwamba treni zenyewe zilikuwa zinakwisha. Abiria walishahamia kwenye mabasi, mizigo ikapanda malori. Wenzake baba walipunguzwa kazi, na kila aliyepunguzwa alitolewa kwenye nyumba ya reli, yeye na watoto wake na magodoro yao. Mama alitaka tukapange chumba Kaloleni kabla hatujatolewa vyombo nje. Baba alikataa katakata.

"Simu inaongea," alisema. "Stesheni ambayo simu yake inaongea haifungwi."

Nilikuwa kidato cha tatu, na nilimwamini. Lo, nilivyomwamini!

Kila asubuhi alizungusha mpini wa simu: "Arusha hapa. Unanipata?" Mzee mmoja wa stesheni ya mbele, ambaye hatukuwahi kumwona, alijibu kwa sauti ya kukwaruza, "Nakupata, mkuu."

Siku moja ya mgao wa umeme nilimpelekea makande nikamkuta amepiga magoti mbele ya rafu, amefungua vifuniko vyote, anakwangua ukoga kwenye nyaya. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Baba yangu asiitikie shikamoo!

"Mzee wa stesheni ya mbele hajajibu tangu asubuhi," alisema. "Betri zimekufa. Nimezembea, mwanangu, wiki hii sikuongeza maji."

Uongo mtupu. Nilimwona kwa macho yangu akiyaongeza. Mtu ambaye hakuwahi kukubali hata siku moja kwamba betri zake zina kasoro, leo alikuwa anamwomba Mungu ziwe mbovu. Nilitamani kulia.

Akachukua balbu ya kujaribia, akazifunga nyaya zake mbili kwenye betri. Ikawaka, chumba kizima kikawa cheupe.

Akarudi kwenye simu, akazungusha taratibu. "Arusha hapa. Unanipata?" Nilisogeza sikio karibu na lake. Waya ulikuwa unavuma vizuri tu, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

Kisha akakirudisha kipokeo cha simu mahali pake, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Zima hiyo taa," akaniambia. "Nenda kamwambie mama yako akatafute hicho chumba."