Jino Alilosingiziwa Mjusi

Nilipokuwa mtoto, mijusi wa kwetu Mafinga walikuwa na mamlaka kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti unaweza kumkwepa. Ukimwona anakuja unapita kwenye mahindi. Mjusi humkwepi. Yuko ukutani anaota jua, kichwa kinapanda na kushuka kama mzee anayekubaliana na mahubiri. Bibi yangu, mama yake baba, alituambia wazi: mtoto aliyeng'oka jino asicheke mbele ya mjusi. Mjusi akiliona pengo, jino halioti tena mpaka mtu anaingia kaburini. Jino lenyewe unalitupa juu ya bati, unakimbia bila kugeuka nyuma, na mdomo unaufunga mpaka jipya lichomoze.

Sasa, mniambie, mtoto kama mimi anafungaje mdomo? Sijisifu, ingawa kujisifu nakuweza: kicheko changu kilikuwa kinatoka kwetu kinafika kwenye mashine ya kupasua mbao, na wapasuaji wanajua chai imeiva.

Wanaonijua wanalijua pengo langu, la juu, mbele kabisa. Nimelisimulia kwa namna nyingi. Wateja wa vitanda vyangu (na fundi wa vitanda kama mimi hapa katikati ya Iringa na Makambako, mtafuteni) niliwaambia nilipigana na chui kwenye misonobari. Chui akaondoka na jino, mimi nikabaki na ngozi. Vijana wa stendi niliwaambia ni ngumi ya bondia wa Makongolosi, enzi zangu za kuchimba dhahabu. Makongolosi sijawahi kufika. Wanangu walizisikia hadithi hizo na kuzicheka. Lakini walipouliza kwa dhati, nilisema alivyosema bibi. Mjusi.

Wanangu ni wawili, wasichana. Mkubwa ni Atu, ana macho ya hakimu. Mdogo ni Sekela, yuko darasa la pili. Majina aliyatoa mama yao, mtu wa Tukuyu, ambaye anauza vitenge Mbeya na kurudi kwetu mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote mama ni mimi. Nakoroga uji, natafuta soksi ya pili, nampaka Sekela mafuta miguuni huku anarukaruka kwa baridi na kuongea. Huyo mtoto anaongea! Anaanza kabla hajafumbua macho. Anauliza kama kuku ana magoti, anajibu mwenyewe, halafu ananibishia jibu ambalo sijatoa.

Jumamosi moja ya Januari hii aling'oka jino la mbele. Nilikuwa nimekaa kibarazani na redio, mpira unaendelea, naye ananisimulia safari yote ya jino lile tangu lilipoanza kulegea. Kipindi cha pili kikaanza. Nikaona mjusi ukutani. Shetani akanipa wazo, na mimi ni mtu wa kupokea.

"Sekela. Funga mdomo. Anakuangalia."

"Nani?"

"Huyo. Akiona pengo, jino ndio basi. Unataka kuwa kama mimi?" Nikavuta mdomo wa juu kwa kidole nikamwonyesha lile langu. "Haya, ona."

Akafunga mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka. Nami nikasikiliza mpira mpaka filimbi ya mwisho. Nikiwa mkweli, niliufurahia ule ukimya. Ndilo linalonisumbua kuliko mengine.

Nilidhani ni mambo ya jioni moja. Lakini asubuhi alikunywa uji nyuma ya mlango, kikombe kimefunikwa na kanga. Nikimuuliza jambo, anatikisa kichwa. Alilala na kitenge mdomoni kama mtu anayejikinga na vumbi. Atu akawa mlinzi wake. Kila alfajiri anapita ukutani na fagio, anawafukuza mijusi mpaka chooni. Tukawa na nyumba safi isiyo na mjusi wala sauti.

Juma lililofuata mwalimu wake aliniita. Dada wa umri mdogo tu, mpole.

"Baba Atu, huyu mtoto amepatwa na nini? Nikimwambia asome kwa sauti, analia bila kutoa sauti. Wenzake wameanza kumwita Bubu."

Nilimjibu kitu, sikumbuki. Nilikumbuka tu ule mpira. Tena tulifungwa.

Mchana huo nikawaita wote wawili kwenye banda langu la useremala. Sekela akakaa juu ya maranda, mkono mdomoni.

"Mwanangu, nilikudanganya. Mjusi hana kazi na meno ya mtu. Nilitaka unyamaze nisikie redio."

Alilitazama pengo langu. Halafu akasema ndani ya kiganja, neno lake la kwanza kwangu siku nyingi: "Sasa la kwako liko wapi?"

Atu akadakia: "Si chui, Sekela? Au yule bondia, baba?"

Nimewahi kuaminiwa na watu wazima, wenye wake na ng'ombe, nikisema nimemshika chui mkia. Siku hiyo nasema kweli, hakuna anayesadiki. Nikaona kuna njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa inapita katikati ya nyumba ya baba yangu.

Ukweli ni kwamba jino langu liliota. Liliota vizuri, pana kama jembe, licha ya mijusi wote walioliona pengo. Baba alikuwa kibarua wa kubeba mbao kwenye mashine. Siku moja ya matope, mimi nimekaa juu ya magogo, akapita na ubao begani mbele ya bosi na wapakiaji, akateleza. Alikaa chini kwa makalio, ubao ukamlalia kifuani. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamheshimu. Kisha nikacheka mimi. Kicheko changu kikawafungulia wote; bosi naye akashika mbavu. Hapo hapo wakampa jina, Mserereko, na jina lile lilikaa naye.

Alirudi nyumbani na tope limekaukia kwenye suruali. Mimi nikataka kumchangamsha, nikamkimbilia mlangoni na meno yote nje: "Baba, leo uliteleza!" Akanipiga kwa mgongo wa mkono. Mara moja tu. Mdomo wangu ukakutana na mwimo wa mlango, na jino likaangukia kwenye majivu yaliyomwagwa hapo.

Bibi aliliokota. Akanifuta damu kwa kanga yake, akamtazama mwanawe, akatazama ukutani. Ukutani hakukuwa na kitu, baridi ile hata inzi hakuwepo. Akapaza sauti, majirani wasikie: "Si nilisema? Mjusi kakuona!"

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba napewa mzigo nibebe. Nikaubeba. Baba alitoka uani akapasua kuni mpaka giza likaingia. Hakunipiga tena hata siku moja, na hilo jambo tulikuwa hatujawahi kulitaja.

Niliwasimulia wanangu, kwa maneno machache kuliko haya.

"Babu huyu anayetuletea pichesi?" Sekela akauliza.

"Huyu huyu."

"Kwa sababu ulicheka?"

"Kwa sababu nilicheka."

Mkono ukashuka taratibu. Pale kwenye pengo jino jipya lilikuwa limeshachungulia, jeupe, lenye meno meno kama msumeno mdogo. Kesho yake alisoma darasani kwa sauti mpaka mwalimu akamwomba apunguze. Nami nikatembea stendi nikijigamba kwamba kwa kulea watoto wa kike hakuna anayenifikia.

Ikaja Jumapili. Baba yangu sasa ni mzee, anakuja kwetu baada ya misa, anakatiza misonobari kwa fimbo, kofia mkononi imejaa pichesi. Kwa kawaida wasichana humsikia kabla hajaonekana, wanashindana nani atafika kwanza kwenye kofia.

"Kamwene, wajukuu!"

Atu alisimama mlangoni, hakusogea. Sekela alikuwa anacheka na kifaranga uani. Akanyamaza, akafunika mdomo kwa viganja viwili.

Mzee akatabasamu. "Huyu mbona ananificha meno?"

"Mjusi, baba," nikasema upesi, tena kwa sauti kubwa. "Ameng'oka jino. Si unajua mambo ya bibi."

Niliyasema kama alivyoyasema bibi, kwa sauti ile ile ya kusikiwa na majirani. Atu akanikazia yale macho yake.

Mzee alikuwa analitazama pengo langu. Sikumbuki kama aliwahi kulitazama kabla ya siku hiyo.

"Umewaambia," akasema.

Nikaangalia chini.

"Basi usimsingizie mjusi tena." Akaweka kofia kwenye benchi, akageuka kwa mtoto. "Sekela, si mjusi. Jino la baba yako nililitoa mimi. Watu walinicheka, nikampiga yeye."

Sekela akafikiri. Kisha, bila kutoa viganja: "Na mimi nikicheka utanipiga?"

Nimesikia mbao nyingi zikipasuka. Uso wa mtu sijawahi kuuona ukipasuka hivyo.

"Hapana, mama. We cheka tu."

Hakucheka. Nani anaweza kucheka kwa kuambiwa? Mzee alikunywa chai nusu kikombe, akasema mawingu yamejikusanya, akaaga. Pichesi ziliachwa pamoja na kofia, na manyunyu yakaanza kabla hajafika kwenye misonobari.

Tangu hapo hajaja. Anatuma pichesi kwa jirani, anasema ni magoti. Sekela anaongea kutwa. Mama yake akija kutoka Mbeya anasema nyumba imerudi kuwa redio. Nafurahi, halafu nashtuka kwamba nafurahi, kwa sababu najua kicheko kile kimelipiwa na nani.

Zamani nilimwona bibi kama mzee wa imani za kale. Siku hizi naona alikuwa anajua sana alichokuwa anafanya. Alimpa mwanawe nafasi ya kuzeeka akiwa mtu mwema, na kweli alizeeka hivyo. Mimi nikaitoa nafasi ile kwa mchana mmoja, kusafisha uongo nilioutunga kwa ajili ya mpira. Mdomo wa mwanangu ulikuwa na haki ya kufunguliwa. Hilo halinipi shaka. Nisichokubaliana nacho ni kwamba aliyelipa si mimi.

Mara mbili nimeanza safari ya kwenda kwake, nikaishia kwenye misonobari. Mimi ninayeweza kumsimamisha mwenye haraka stendi nikamsimulia chui mpaka basi likamwacha, nimeshindwa kupanga neno moja la kumwambia baba yangu. Nataka nimwambie kwamba siku ile ya matope sikumcheka yeye. Halafu nakumbuka jinsi alivyokaa chini na ule ubao kifuani, na jinsi nilivyocheka, na nakwama, maana nilimcheka.